Usiling'oe Bado: Kutambua Mimea Inayojiotea Bustanini Simiyu

Mvua za kwanza zikishashuka Bariadi, Oktoba au Novemba, haupiti muda bustani inajaa mimea ambayo hukuipanda. Wewe ulisia matuta ya mchicha na sukuma wiki, ardhi nayo imekuongezea ya kwake. Mingine unaijua tangu utotoni. Mingine umeipita kandokando ya njia miaka yote bila kuuliza jina. Na miwili mitatu hujapata kuiona kabisa. Hapo wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili: tunashika jembe na kufyeka kila kisicho kwenye mstari, au jirani akisema "hiyo mboga hiyo", jioni ileile inaingia chunguni. La kwanza linakupotezea mboga ya bure na dalili muhimu za hali ya udongo wako. La pili linaweza kukupeleka hospitali.

Ninachokuomba katika mwongozo huu ni uvumilivu wa wiki chache. Mmea usioujua, uache uchanue. Palilia bustani kama kawaida, lakini bakiza shina moja au mawili ya kila mgeni pembeni, uchomeke kijiti kando yake ili mwenzako asije akalikata, na uhakikishe watoto wadogo na mbuzi hawafiki hapo. Jani hubadilika kwa kivuli, kwa umri na kwa udongo: mchicha uleule ukiota kwenye mbuga nyeusi yenye maji utakuwa na majani mapana, ukiota kwenye luseni, ule mchanga wa juu, utakuwa mwembamba na mwekundu mpaka udhani ni mwingine. Ua halina tabia hiyo. Ndiyo maana wataalamu wa mimea huomba ua kwanza kabla ya kutoa jibu. Orodha kubwa ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 ilikamilika mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wa Simiyu ulipoundwa, na ndani yake mna zaidi ya aina 12,000. Kwa wingi huo, hata bingwa hawezi kuapa kwa jani moja.

Ukishaona umbo la ua, kata shina kabla mbegu hazijakomaa. Usisubiri zaidi ya hapo.

Anza na mazao unayoyalima

Mkulima wa Simiyu ana elimu ya mimea ambayo huenda hajawahi kuiita elimu. Umelima pamba, choroko, alizeti, nyanya, ufuta, mahindi na maboga, kwa hiyo koo kubwa za magugu tayari unazifahamu kwa sura. Kazi iliyobaki ni kuliangalia ua la gugu na kujiuliza linafanana na ua la zao gani.

Chukua ua la pamba asubuhi linapofunguka, likiwa bado na rangi ya krimu kabla halijageuka la waridi siku ya pili. Katikati yake utaona nyuzi nyingi za chavua zimeungana zikawa mrija mmoja. Bamia ina mrija huo, na choya pia. Ukikuta gugu gumu la maua madogo ya njano, lile ambalo watu hulifunga wakafagilia uwanja, lifungue ua lake kwa kucha: mrija ni uleule. Umekwisha kuujua ukoo bila kitabu.

Ua la choroko au kunde lina mabawa mawili na mdomo chini, na baadaye linatoa ganda. Magugu ya ukoo huo mara nyingi hurutubisha udongo, ila kuna kundi la marejea lenye maganda yaliyovimba ambayo yakikauka hulia ukiyatikisa. Baadhi ya marejea huharibu ini la ng'ombe, basi usiyafanye lishe bila kujua ni aina ipi.

Alizeti inakufundisha kwamba kile tunachokiita ua moja ni maua mengi madogo yaliyobanana juu ya sahani moja. Kishona nguo ni wa ukoo huu, mchunga vilevile, na gugu karoti ambalo nitalirudia baadaye. Ufuta una ua la kengele lenye rangi ya zambarau iliyofifia, na ukiona kengele hiyo kwenye mmea uliojiotea wenye majani yanayoteleza, huo ni mmoja wa milenda.

Ukoo wa nyanya ndio wa kuuheshimu kuliko yote. Ua la nyanya, la bilinganya, la mnavu na la ndulele ni nyota ya ncha tano yenye koni ya njano katikati. Ukoo huohuo umetupa chakula na sumu kwa mkono mmoja, hivyo ukiiona nyota hiyo kwenye mmea usioujua, jibu la kula ni hapana mpaka upate uthibitisho.

Shina, jani na utomvu

Kabla ua halijatoka kuna mambo ya kukagua, na yanachukua dakika chache. Viringisha shina kati ya vidole viwili. Nyasi za kawaida shina lake ni la mviringo. Ndago lina pembe tatu, utazihisi kabla ya kuziona. Shina la pembe nne, lenye majani yanayotazamana mawili mawili na harufu kali ukiyafikicha, mara nyingi ni la ukoo wa kivumbasi. Kishona nguo nacho kina shina la pembe nne, lakini hakina harufu hiyo.

Tazama jinsi majani yalivyokaa. Mchicha, wa kupandwa na wa pori, hutoa majani yanayopishana, moja huku na jingine kule. Ukikuta kinachofanana na mchicha lakini majani yake yanatazamana, umekutana na mmea mwingine. Chunguza na kwapa la jani: mchicha wa miiba una miiba miwili mikali pale jani linapoungana na shina. Unalika ukiwa mchanga, ila mchumaji ndiye anayelipa.

Vunja shina uone kinachotoka. Tako la hasani, lile linalotambaa lenye majani manene yenye maji na shina jekundu, halitoi maziwa. Mziwaziwa nao hutambaa, nao una wekundu, lakini ukiuvunja unatoa tone jeupe papo hapo. La kwanza ni mboga, la pili si la kula, na maziwa yake yakiingia jichoni ni balaa, kwa hiyo nawa mikono kabla hujagusa uso. Lakini usifanye maziwa kuwa kanuni ya kila kitu. Mchunga unatoa maziwa na watu wanaula karne na karne.

Harufu inakusaidia, ulimi hapana. Usionje kwa ncha ya ulimi, usitafune na kutema. Wapo wanaotegemea uchungu, wakiamini kichungu ni sumu na kitamu ni salama. Mgagani ni mchungu na ni chakula. Maboga na matango pori yakiwa machungu, uchungu wenyewe ndio sumu, na boga la bustanini likitoka chungu kupita kawaida litupe lote, kupika hakusaidii. Usitegemee mbuzi pia. Mbuzi na ndege hula vitu ambavyo binadamu akivila anaugua.

Mboga zilizojificha

Katika palizi ya kwanza Simiyu, sehemu kubwa ya kinachong'olewa ni chakula. Nimeshaona mama anatupa rundo la mboga njema jaani, kisha anatoa pesa sokoni kununua fungu la mboga ileile.

Mlenda unastahili kusogezwa karibu na macho. Jina hili limebeba mimea kadhaa ya koo tofauti, yote ikiteleza ikipikwa. Ule wa maua ya njano yenye petali tano unao alama ambayo ukishaionyeshwa mara moja hutaisahau: shika jani, tazama kingo zake zenye meno kama ya msumeno, fuata meno hayo kushuka mpaka chini karibu na kikonyo. Meno mawili ya mwisho, moja kila upande, yamerefuka yakawa nyuzi nyembamba, mikia miwili iliyoning'inia nyuma ya jani. Aina kadhaa za mlenda huu zina mikia hiyo. Tunda lake ni ganda jembamba refu lililosimama. Chuma majani, mbegu ziache, maana zina kemikali zinazosumbua moyo, na mifugo imewahi kudhurika. Mlenda mwingine, wa ukoo wa ufuta, hauna mikia hiyo; una ile kengele ya zambarau. Yote miwili hukaushwa, na anayejua nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, hahitaji kufundishwa namna ya kuianika.

Mgagani unajulikana kwa vidole. Jani moja limegawanyika sehemu tano zinazotoka kwenye kitovu kimoja, wakati mwingine tatu au saba, na shina lina vinyweleo vinavyonata. Ua ni jeupe au la waridi hafifu, na nyuzi zake za chavua hazitoki kwenye kitako cha ua kama kawaida: zimepandishwa juu ya kikonyo chembamba, mbali na petali, kama zimekaa kwenye ghorofa. Hakuna mboga nyingine ya bustanini yenye mpangilio huo. Bangi nayo ina jani la vidole, lakini kingo zake zina meno makali na ua lake halina petali za kuonekana. Uchungu wa mgagani hupunguzwa kwa kuuchemsha, kumwaga maji, kisha kuutia maziwa au karanga.

Mnavu ndio unaohitaji tahadhari. Ua lake ni nyota ndogo nyeupe yenye koni ya njano, matunda yamekaa kwa vishada, meusi au ya rangi ya chungwa yakiiva. Hauna mwiba hata mmoja. Matunda mabichi ya kijani ni sumu, na majani ni ya kupika, si ya kachumbari. Ukiingia kwenye simu kutafuta habari zake utakutana na maonyo ya kutisha kuhusu mnavu unaoua. Huo ni mmea wa Ulaya na nchi za jirani yake, tunda lake jeusi hukaa moja moja, na hauoti wenyewe kwenye bustani za Bariadi. Wetu una wabaya wake wengine.

Wa kwanza ni ndulele: kichaka chenye miiba, jani lenye manyoya ya kijivu upande wa chini, ua la zambarau, tunda linalogeuka njano. Huyu hachanganyi watu wengi. Anayechanganya ni mnanaha, hasa ukiwa mchanga, kwa sababu huota palepale mnavu na mchicha vinapopenda, kwenye udongo wenye mbolea karibu na zizi. Majani yake yana meno makubwa yasiyo na mpangilio, na ukiyafikicha yanatoa harufu ya kukirihisha ambayo mnavu hauna. Ukikua, hakuna shaka tena: ua ni tarumbeta nyeupe au ya zambarau hafifu, ndefu kuliko kidole, na tunda ni kitufe cha kijani kilichojaa miiba ambacho kikikauka kinapasuka vipande vinne na kumwaga mbegu nyeusi. Kila sehemu ya mmea huu ni sumu, na mbegu ndizo hatari zaidi. Machi na Aprili 2019 huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafariki baada ya kula unga wa lishe wa msaada. Uchunguzi ulikuta ndani ya unga huo kemikali zile zinazopatikana kwenye mnanaha na ndugu zake. Mbegu za gugu hili huvunwa pamoja na soya au nafaka shamba lisipopaliliwa, kisha zinasagwa humohumo. Kwa hiyo anayelima mtama au mahindi nyuma ya nyumba hana sababu ya kuuacha mnanaha ukomae. Huu uuache uchanue mara moja tu, ili familia nzima iuone na kuujua. Mwaka unaofuata ung'oe ukiwa mche.

Tahadhari nyingine haihusu utambuzi wa mmea. Simiyu ni nchi ya pamba, na pamba hupigwa dawa. Mgagani halali uliootea ukingoni mwa shamba lililonyunyiziwa, au mahali pampu ilipooshwa, si mboga tena. Ukiwa hujui mara ya mwisho ilipigwa dawa gani, usichume.

Magugu yanayokula bustani

Kama kuna moja tu utakalolijua kwa jina baada ya kusoma hapa, liwe kiduha. Wengi hukiona kama ua zuri kwenye mahindi: mmea mwembamba wa kimo cha goti au chini yake, wenye maua ya zambarau iliyochangamka, na aina nyingine ndogo zaidi yenye maua mekundu. Lakini kufikia siku unapoliona ua, hasara imeshatokea. Kiduha huchomeka mizizi yake kwenye mizizi ya mahindi, mtama au uwele na kunyonya maji na chakula kikiwa bado chini ya ardhi. Mahindi yanadumaa na kunyauka wakati udongo una unyevu, na mwenye shamba anahisi ni jua au ni mkono wa mtu. Chimba taratibu kuzunguka shina lililonyauka, osha mizizi kwenye ndoo ya maji, utakuta vichipukizi vyeupe vimeng'ang'ania. Hapo huna haja ya kumshuku jirani.

Mmea mmoja wa kiduha hutoa mbegu makumi ya maelfu, laini kama vumbi, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja. Zinachongoja ni harufu ya mzizi. Mwaka 1966 wanasayansi wa Marekani walifanikiwa kuitenga kemikali inayoziamsha, na waliipata kwenye mizizi ya pamba. Pamba inaziamsha mbegu za kiduha lakini kiduha hakiwezi kuinyonya, kwa hiyo zinachipua na kufa njaa. Mkulima wa Bariadi anayebadilisha mahindi na pamba anapunguza kiduha hata kama hakuwa na nia hiyo. Wenzetu wa kituo cha utafiti cha ICIPE huko Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, wamepata njia nyingine: kupanda desmodiamu katikati ya mahindi, mizizi yake ikikizuia kiduha. Kwa bustani ya nyumbani, fanya hivi: king'oe kwa mkono kabla ua halijafunguka, kichome moto, usikitupe kwenye shimo la mboji, na sehemu hiyo usiirudishie nafaka msimu unaofuata. Kiduha hupenda ardhi iliyochoka, hasa ya mchanga, hivyo samadi nayo ni dawa.

Samadi, lakini iliyooza. Magugu mengi mageni huingia bustanini kwa toroli la mbolea kutoka zizini. Ng'ombe amelisha kwenye ngitili, yale malisho yaliyohifadhiwa, amelisha barabarani, amelisha kwenye mashamba yaliyovunwa, na mbegu zinapita tumboni zikiwa hai. Lundika mbolea, iloweshe, igeuze, iache ipate moto wake mpaka isitambulike tena kuwa ni kinyesi. Mwenye kutandaza mbichi asishangae kupalilia mara mbili ya mwenzake.

Ndago usilipalilie wakati wa mvua kwa kulikatakata; kila kiazi chake kidogo ni mmea mpya, na jembe linavitenganisha vilivyokuwa mnyororo mmoja. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho silaha yako: chimbua, geuza udongo, viache viazi vikaukie juani. Gugu la ua la buluu linalotambaa kwenye unyevu, wengine huliita kongwa, nalo huota kutoka kwenye vipande vya shina, na aina moja yake huzaa hata maua chini ya udongo. Ukiling'oa litandaze kwenye mawe au bati, si kwenye tuta.

Halafu gugu karoti. Hili ni mgeni kutoka Amerika ya kitropiki, na hapa Tanzania lilitambuliwa Arusha mwaka 2010. Jani lake limechanikachanika kama la karoti, maua ni madogo meupe yaliyotawanyika juu ya matawi mengi. Linawasha ngozi, linasumbua wenye pumu, na ng'ombe akilila maziwa yake huwa machungu. Hili nalo, kama kiduha, sikuambii uliache lichanue. Ukiona linalofanana nalo, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, piga picha, ling'oe na mizizi, na umwite afisa ugani wa kata siku hiyohiyo. Likishaenea kwenye malisho, wenye ng'ombe ndio watakaoumia kwanza.

Namna ya kuuliza

Wanaojua wapo jirani. Lakini swali likiwa baya na jibu litakuwa baya. Ukimpelekea bibi jani moja lililonyauka mfukoni na kumuuliza "hii ni nini?", atakupa jina la kwanza linalomjia. Mpelekee mmea mzima na mizizi yake, au bora umwombe aje bustanini. Msalimie kwanza, "mwangaluka mayu" kama ni asubuhi, kaa chini, kisha uliza kwa mpangilio: Mnaula? Mnakula sehemu gani? Unachumwa ukiwa na umri gani? Unachemshwa maji mara ngapi? Na swali lililo muhimu kupita yote: upo mwingine unaofanana nao ambao hauliwi? Uliza wawili au watatu wasiokaa nyumba moja. Majibu yakigongana, huo mmea usiuguse.

Mganga wa jadi anajua mingi, ila anachokijua ni dawa, kwa kipimo chake. Mmea wa dawa si mboga.

Nenda sokoni Bariadi msimu wa mboga za pori. Mafungu yaliyopangwa pale yametambuliwa na wanawake walioyachuma maisha yao yote. Nunua fungu, nenda nalo nyumbani, ulinganishe na ulicho nacho, jani kwa jani, kwapa kwa kwapa. Omba muuzaji akuwekee shina moja lenye ua, wengi watakubali.

Simu inasaidia, na mimi nasisitiza itumike kwa adabu. Programu kama PlantNet, iliyoanzishwa na watafiti wa Ufaransa, au iNaturalist zitakupa majina ya kisayansi ukizilisha picha nzuri: mmea mzima, jani juu na chini, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda, shina lililokatwa. Picha moja ya majani kutoka juu haitoshi. Kumbuka kwamba programu inajibu hata pale isipojua, na mmea wa Ulaya una picha nyingi ndani yake kuliko wa Itilima au Meatu. Chukua jibu lake kama jina la kwenda kulichunguza. Ukitaka kitabu, tafuta *Magugu ya Afrika Mashariki* cha Terry na Michieka, kilichotolewa na FAO mwaka 1987 kwa Kiingereza na Kiswahili. Maofisa wa kilimo wa zamani wanakifahamu.

Mmea ukiwashinda wote, ukaushe. Utandaze kati ya kurasa za gazeti, ua na tunda vikionekana, jani moja likigeuzwa upande wa chini, weka ubao na jiwe zito juu, badilisha gazeti kila siku mpaka ukauke kabisa. Kwenye karatasi andika tarehe, kijiji, aina ya udongo, kimo, rangi ya ua kabla halijakauka, harufu, kama una utomvu, na jina la Kisukuma ulilopewa. Mpe afisa ugani aufikishe TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichopo Mwanza, au Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Jani lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki litafika limeoza.

Mtu akishakula

Dalili za mnanaha huja haraka: kinywa kikavu, mboni za macho zimepanuka, ngozi ina joto na wekundu, moyo unakwenda mbio, mtu anaongea maneno yasiyoeleweka na kuona visivyokuwepo. Wengine humdhania amepandwa na mashetani na muda unapotea. Mimea mingine huleta kutapika, kuhara au degedege. Usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa wala mafuta, usingoje uone kama itapita. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, uchukue mabaki ya mboga iliyopikwa pamoja na shina la mmea wenyewe kutoka bustanini, na umwambie mhudumu wa afya ililiwa saa ngapi na kiasi gani. Kwa sababu hiyo, siku unapopika mboga ya pori kwa mara ya kwanza, acha shina moja bila kupikwa mpaka kesho yake.